Mkia Usioonekana Topeni

Ukiingia Dinosaur Valley State Park, karibu na mji wa Glen Rose huko Texas, unapokewa na sanamu mbili kubwa mno. Zilitengenezwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1964. Moja ni ya Tyrannosaurus aliyesimama wima kama mtu, mkia umelala chini nyuma yake. Niliukodolea macho ule mkia kwa muda mrefu, maana safari yangu yote ilikuwa ya kutafuta alama ya mkia kama huo kati ya nyayo za kale za dinosauri.

Siku iliyotangulia nilikuwa Fort Worth, kwenye jumba la makumbusho lenye kiunzi cha sauropodi, wale wala majani wa shingo ndefu, aliyechimbuliwa katika eneo hilohilo. Pingili za shingo yake zimejaa vyumba vya hewa, kama mifupa ya ndege. Bila wepesi huo sijui shingo ya namna ile ingeinuliwaje. Mifupa husema mengi, lakini haijisimamishi yenyewe. Anayeiunga ndiye anayeamua miguu ikae vipi na mkia uelekee wapi, na mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu waligombana kweli. Wapo waliodai sauropodi alitembea miguu imetanuka ubavuni kama mjusi. Wengine walisema uzito ule usingestahimilika nchi kavu, kwa hiyo lazima aliishi majini.

Nyayo zenyewe zimo kwenye sakafu ya mto Paluxy, ndiyo maana nilingoja mwisho wa kiangazi, maji yanapopungua. Miaka kama milioni 113 iliyopita hapa palikuwa pwani ya bahari yenye kina kifupi, tope lake limejaa chokaa. Wanyama walipita, tope likakauka kiasi, likafunikwa na mashapo mengine, yote yakageuka mwamba. Sasa mto unaondoa tabaka laini la juu na kuuacha mwamba mgumu wa chini, na nyayo ndani yake.

Nilivua viatu. Maji yalinifika kwenye vifundo. Wayo wa kwanza niliougusa ulikuwa wa vidole vitatu, wa mla nyama aliyetembea kwa miguu miwili, huenda Acrocanthosaurus au jamaa yake. Hatua chache mbele zikaja beseni kubwa za sauropodi, wayo wa nyuma mpana na mbele yake alama ndogo ya mguu wa mbele, yenye umbo la mwezi mchanga. Nikazifuata. Za kushoto na za kulia zilikuwa na nafasi kati yake, lakini hazikuachana mbali kama za mjusi. Mnyama wa miguu iliyotanuka hawezi kupita hivyo. Huyu miguu yake ilisimama chini ya mwili kama nguzo.

Kisha nikatazama katikati ya mstari, nikainama, nikapapasa kwa mkono. Hakuna mfereji wa mkia. Tope lililoweza kushika ukucha lingeshindwaje kushika mkia mzito hivyo, kama ungeburuzwa? Mkia ulikuwa juu hewani, ukisawazisha mwili. Nilirudia mstari uleule mara tatu, na moyo ulikuwa ukinidunda.

Mwenzangu alishika ncha moja ya tepu, mimi nyingine. Wayo wa mla nyama: sentimita 45. Kutoka mguu wa kulia hadi mguu wa kulia tena: mita 2.8. Kimo cha nyonga hukadiriwa kuwa mara nne ya urefu wa wayo, hivyo huyu alikuwa na mita 1.8 hivi. Kwa kanuni ya kukadiria kasi kutokana na hatua na kimo cha nyonga, aliyoitoa mwanazuolojia R. McNeill Alexander mwaka 1976, kasi yake inakuja karibu kilomita 8 kwa saa. Alikuwa anatembea tu, kwa mwendo wa kunifanya mimi nitroti.

Alikuwa akimfuata sauropodi? Nyayo zao hapa zinaelekea upande mmoja, na Roland T. Bird, mtafuta visukuku aliyezichimba, aliamini ni uwindaji. Mimi nasita. Wanyama wanaofuata ufuko mmoja huelekea upande mmoja hata wakipishana kwa siku nzima.

Bird alivutwa huku mwaka 1938 na habari za nyayo za majitu, yaani binadamu wakubwa mno. Baadhi zilichongwa na watu waliotafuta riziki wakati wa mdororo wa uchumi. Zipo pia ndefu za kweli, ambazo dinosauri alikanyaga kwa wayo mzima hadi kisiginoni badala ya vidole tu. Tope likajaza alama za vidole, ukabaki umbo linalofanana na mguu wa mtu. Kwangu hilo linavutia kuliko majitu, kwa sababu linaonyesha mnyama akibadili namna ya kukanyaga.

Mwaka 1940 Bird alikata kipande kirefu cha njia hiyo kikapelekwa New York, kwenye American Museum of Natural History, kikalazwa nyuma ya kiunzi cha sauropodi. Jioni mhifadhi alituonyesha kwa kidole sehemu ya mto kilikotolewa. Tulisimama hapo, maji yakipita juu ya mwamba, tukijaribu kukisia mguu uliofuata ulitua wapi.