Nusu kaputi kwa mtu wa kutapika kama mimi

Jamani mimi ni mtu wa kutapika. Foleni ya Mbagala ikizidi natapika, boti ya Zanzibar ndo usiseme, hatujatoka hata bandarini vizuri nishaomba mfuko. Kwaiyo nilivyoambiwa kifuko cha nyongo kina mawe na kinatolewa kwa nusu kaputi, kisu hakikunitisha, nilichowaza ni kuamka natapika huku tumbo lina nyuzi.

Nilichofanya nikachukua karatasi nikaandika kila kitu, vidonge vyangu vya presha na saa ninayomeza, mitishamba ninayokunywa, hadi habari za boti. Vidonge vyenyewe nikavibeba na maboksi yake. Dokta wa usingizi alivyokuja kuniona akasoma pale kwenye boti akacheka, ila akaandika. Akasema mwanamke, asiyevuta sigara, anayetapika safarini, hao ndo wanaoongoza kutapika baada ya nusu kaputi, kwaiyo nitapewa dawa mbili za kuzuia, ondansetroni na deksamethasoni. Hiyo deksa akasema wataichoma nikishalala maana ikichomwa haraka mtu yuko macho inawasha huko chini mpaka anaruka kitandani. Hapo nilicheka hadi uoga ukapungua.

Mitishamba akaniambia niache. Kwenye presha, losatani nisimeze siku moja kabla kwa sababu ukishalazwa usingizi inaweza kushusha presha kupita kiasi, amlodipini nimeze asubuhi ileile na funda la maji. Chakula mwisho masaa 6 kabla, maji matupu mwisho masaa 2. Chai ya maziwa inahesabiwa chakula, na hapo ndo nilipogombana na mama maana alishapika uji, "mwanangu utaingiaje huko na tumbo tupu?" Nikamwambia mama tumbo likiwa na kitu nikalala, kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu. Akanyamaza, uji akanywa mwenyewe.

Yeye zamani alifanyiwa upasuaji, anakumbuka sindano iliyomkausha mdomo kama ametafuna majivu. Nikaulizia mbona mimi sijapangiwa hiyo, dokta akasema ni atropini, walikuwa wanampa karibu kila mtu enzi za etha, dawa ya usingizi ya zamani, kwa sababu etha inajaza mate, dawa za siku hizi hazina shida hiyo sana kwaiyo anapewa mwenye sababu.

Asubuhi yenyewe sista akaweka kanula, kale kamrija ka kupitishia dawa, nikasaini karatasi ya ridhaa, ndo ikaja midazolamu, dawa ya kutuliza, kidogo kwenye mshipa. Dakika chache tu moyo ukatulia, nikawa sijali kitu, nikaona hata taa za korido nzuri. Mlango wa thieta siukumbuki kabisa, najua niliingia kwa sababu kifuko hakipo.

Niliamka na kiu na kichefuchefu cha mbali, kutapika hakuna, jioni nikanywa supu taratibu.

Sasa wifi yangu aliyesindikiza kitanda anadai pale koridoni nilimwahidi kiwanja changu cha Kigamboni, tena nikamshika mkono kabisa. Midazolamu inafuta kumbukumbu bwana, na ndo maana ridhaa inasainiwa kabla ya ile sindano, kwaiyo wifi kama hana karatasi yenye saini yangu asubiri sana.