Simba na Yanga ya Barafuni

Barafu kubwa kuliko zote aliyowahi kuiona baba yangu ni yale mabonge wanayoyaponda wachuuzi wa samaki pale Deep Sea, Tanga. Kwa hiyo nilipompigia simu usiku ule nikamwambia nimekaa ukumbini, mbele yangu barafu imetandazwa kama sakafu, urefu wake mita 60 hivi, na vijana wanafukuzana juu yake na magongo, alinyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Na haiyeyuki?"

Ilikuwa Jumamosi, Machi 22, 2025, katika kijiji cha Lake Placid, kaskazini mwa jimbo la New York. Kwetu Jumamosi ilikuwa imeshageuka Jumapili, usiku wa manane, lakini Ramadhani ilikuwa imeingia kumi la mwisho na nyumbani hakulali mtu. Nilimsikia mama kwa mbali akimkumbusha baba kwamba usiku wenyewe huu si wa kuzungumza mipira. Baba akamjibu kwamba anaongea na mtoto wake aliye ughaibuni, na hiyo nayo ni ibada.

Nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, nafundisha Kiswahili Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca. Kila Jumatatu nilianza kipindi kwa swali lilelile: mwisho wa wiki ulifanya nini? Wengine walilala, wengine walikula piza. Mmoja, binti anayepiga tromboni kwenye bendi ya mashabiki, jibu lake lilikuwa moja tangu Oktoba: "Nilienda mpira wa magongo, Mwalimu. Wa barafu." Kisha anakwama, maana maneno hana, na kamusi ukiifungua inakupa "hoki" halafu inakuacha hapohapo.

Tukaamua kumtafutia maneno, darasa zima. Mengine yalikuwepo tayari: kipa ni kipa, na kuotea ni kuotea, ingawa huku mtu anaotea kwa kutangulia mstari wa buluu. Yule anayecheza rafu hutolewa akakae dakika mbili peke yake nyuma ya kioo, wenzake wakibaki pungufu. Binti alitaka neno la mahali pale. Nikamwuliza, mshtakiwa mahakamani anasimama wapi? Tukapata "kizimba", na tangu siku hiyo hakuna aliyeadhibiwa bila kupelekwa kizimbani.

Shida ilikuwa kile kidude chenyewe. Si mpira. Ni kipande cheusi cha mpira mgumu, duara bapa, upana sentimita 7 na nusu, unene sentimita 2 na nusu, uzito gramu 170 hivi, na kabla ya mechi hugandishwa kisije kikadundadunda. Mmoja akasema kisahani, mwingine kigurudumu. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimewapikia vitumbua, na vya ugenini vile, kwa unga wa mchele wa dukani na kikaango kisicho chake, vilitoka bapa na vyeusi pembeni. Binti wa tromboni akanyoosha mkono, akasema kwa heshima zote: "Mwalimu, kinafanana na kitumbua chako." Darasa likapitisha bila kupinga. Sikuwa na la kusema.

Walinipeleka Lynah, uwanja wao wa nyumbani, mara nne. Nilipenda kelele kuliko mchezo. Wapinzani wakitambulishwa, mashabiki wote wanafunua magazeti wanasoma, kama abiria wanaosubiri basi lililochelewa. Wimbo wa taifa ukifika kwenye neno "red", ukumbi mzima unalipiga yowe hilo neno moja, kwa sababu nyekundu ndiyo rangi yao, halafu wanaendelea kuimba kwa adabu. Mara ya kwanza nilidhani kuna mtu ameanguka. Juu ukutani inaning'inia jezi namba 1 ya Ken Dryden, kipa aliyeipa Cornell ubingwa wa taifa mwaka 1967, ambaye kwa misimu mitatu alishinda mechi 76 na kupoteza 4. Mashabiki wanazitamka hizo 76 na 4 kama watu wa Tanga wanavyoutamka mwaka 1988, Coastal Union ilipotwaa ligi.

Lakini kitumbua chenyewe sikukiona. Ninasema kweli: kwa mechi nne nilishangilia kwa kufuata waliosimama.

Mwezi Machi wakaja na habari za Lake Placid. Ligi yao inaitwa ECAC, vyuo 12, na mwisho wa msimu kuna mtoano: timu nne zinazobaki hukutana pale kwa siku mbili, Ijumaa nusu fainali, Jumamosi fainali. Bingwa anabeba Whitelaw Cup na tiketi ya moja kwa moja ya michuano ya taifa, yenye timu 16. Cornell msimu ule walikuwa wamesuasua, majeruhi kibao. Bila kombe wasingeitwa. Na kocha wao, Mike Schafer, alikuwa ameshatangaza tangu mwaka uliopita kwamba anastaafu. Kwa hiyo wakifungwa, mzee anakwenda nyumbani papo hapo. "Mwalimu, lazima," binti akaniambia, na mtu akikuita Mwalimu hivyo unaona haya kukataa.

Tulikwenda watu watano kwenye gari la rafiki yake, saa tano njiani tukihesabu vituo vya kahawa, theluji bado imelala pembeni mwa barabara kama magunia ya chumvi. Mimi nilikuwa msafiri, nikaitumia ruhusa ya msafiri, nikala. Kijiji chenyewe ni barabara moja kuu yenye maduka, na ziwa linaloonekana nyuma yake si Placid bali Mirror Lake, jambo ambalo nililigundua baada ya kupiga picha kumi na kuzituma nyumbani na jina lisilo lake. Mbele ya shule ya sekondari kuna njia ya mbio za barafu ya Olimpiki ya 1980, aliposhinda Eric Heiden dhahabu tano. Hatua chache kutoka hapo ndipo ulipo ukumbi ambamo, Februari 22 mwaka huohuo, vijana wa vyuo wa Marekani waliwafunga Wasovieti 4–3. Siku hizi unaitwa kwa jina la kocha wa vijana hao, Herb Brooks. Watu wazima wanaingia mle wakinong'ona.

Ijumaa tulikutana na Quinnipiac, mabingwa wa taifa wa 2023. Dakika 60 zikaisha 2–2. Muda wa nyongeza kwenye mtoano ni bao la dhahabu: anayefunga kwanza ndiye mshindi. Glavu yangu ikaanguka chini ya kiti. Nikainama kuitafuta, na nilipoinuka tromboni ilikuwa hewani, mtu nisiyemjua amenikumbatia, tumeshinda 3–2. Bao lililotupeleka fainali lilinikuta natazama kiatu cha jirani.

Usiku ule hotelini binti akanipa ushauri ambao hakuna mwalimu wake wa muziki angeukataa. "Mwalimu, usikitafute kitumbua. Msimulie mtu unachokiona, macho yatakwenda yenyewe."

Msimulie nani? Nilimjua mtu mmoja tu duniani aliyelelewa na matangazo ya mpira redioni, na ambaye wakati ule alikuwa na njaa. Baba ni Yanga. Machi 8, mechi ya watani wa jadi ilikuwa imeahirishwa siku ileile ya mchezo, yeye ameshakaa kitini, kahawa imeshamiminwa. Tangu hapo simu zetu zote zilikuwa ni hilo tu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujalala?"

"Huku bado Jumamosi. Baba, niko kwenye fainali. Mpira wa magongo."

"Wa nini? Gongo?"

"Magongo, baba. Ya kuchezea. Wanacheza Cornell na Clarkson."

"Simjui hata mmoja."

"Cornell ni nyekundu na nyeupe. Clarkson ni kijani na njano."

Kimya. Nikasikia kiti kikivutwa.

"Rudia," akasema baba.

Nikarudia. Nikamweleza kwamba Clarkson wanatoka Potsdam, jirani tu na pale, ndiyo maana zaidi ya nusu ya ukumbi imejaa kijani na njano. Kwamba mwaka 2019, ukumbi huohuo, fainali hiyohiyo, kijani waliwafunga wekundu 3–2 kwenye muda wa nyongeza, na mzee aliyekaa mbele yangu bado ana kinyongo nayo.

"Basi mimi ni Klaksoni," akasema. "Tangaza."

Nikatangaza. Simu mdomoni, kidole sikio la pili, kwa Kiswahili cha redio ambacho sikujua ninacho. Anakwenda, anakwenda, anampa mwenzake upande wa kulia, anabanwa ukutani, kioo kinatikisika mama yangu weee, kitumbua kimetoka...

"Kimetoka nini?"

"Kitumbua, baba. Ndicho wanachocheza."

"Wanachezea chakula? Mwezi huu?"

Maelezo hayo yalinigharimu dakika nzima ya mchezo. Yaliyofuata ni wachezaji. Nilimwambia wako watano na kipa kila upande, halafu nikataja wanaoruka ukuta kuingia, kwa sababu hawakai barafuni hata dakika, wanapokezana na mechi inaendelea. Baba akahesabu. Akapandisha sauti: "Wako saba hao! Refa yuko wapi?" Nikamwambia wengine wanatoka. "Nani kawaruhusu?" Hakuna anayewaruhusu. Hilo halikumwingia, na mpaka leo analiona ni mwanya wa wizi.

Kizimba kilimwingia mara moja. Kijana mmoja wa Cornell alimkwatua mwenzake kwa gongo, refa akanyoosha mkono, na nikasema, "Baba, amepelekwa kizimbani, dakika mbili." Akacheka kwa sauti iliyomwamsha paka. Akataka kujua kama kuna hakimu, kama kuna dhamana. Nikamwambia dhamana ipo: wakifungwa bao, anaachiwa.

Na hapo ndipo nilipoanza kukiona. Sijui ni lini hasa. Nilikuwa natafuta kitenzi cha yule anayeteleza kinyumenyume huku akimkabili mwenye kitumbua, na wakati natafuta kitenzi nikagundua nimekishika kwa macho kwa nusu dakika, kinapita kati ya miguu, kinagonga gongo, kinarudi. Kina sauti, kitu ambacho sikuwahi kukisikia nikiwa napiga makofi: kikitua kwenye gongo ni *tap*, kikigonga ukuta ni kama mlango wa kabati. Barafu ikishachanika nyuzi nyingi za viatu vya chuma kinapunguza mwendo, ndiyo maana kila baada ya dakika 20 linaingia gari la kumwaga maji na kulainisha. Mapumziko ni mawili. Ya kwanza baba aliyatumia kuswali, ya pili kula.

Nilikosea mara moja, na nitalitaja maana yeye hulitaja. Nilipiga kelele "Gooo!" kwa wekundu, kumbe kitumbua kiligonga wavu kwa nje tu. Nikaomba radhi. Baba akasema watangazaji wa Simba wote ndivyo walivyo. Kijani walipopata lao, ukumbi ukalipuka kiasi kwamba sikuhitaji kutangaza. Alilisikia mwenyewe, akasema alhamdulillahi, na mama akamwuliza kuna habari gani njema.

Lakini lilikuwa moja tu. Wekundu waliweka matatu. Sekunde za mwisho nilizihesabu kwa sauti, na binti, tromboni kwapani, akahesabu pamoja nami kwa Kiswahili: tano, nne, tatu. Kofia na glavu zikarushwa, zikatapakaa barafuni. Wakamrundikia kipa wao kama watoto kwenye godoro.

Baba hakusema kitu. Shabiki wa Yanga aliyefungwa na wekundu haongeleshwi, ninajua tangu utotoni. Nikajaza kimya kwa habari za kocha: yule pale, mwenye suti, anakumbatiwa na kila mtu. Hili ni kombe la 14 la chuo hicho. Mwaka 1986 alilitwaa akiwa mchezaji, nahodha. Enzi hizo kabla ya mechi na Harvard aliwahi kulivunja gongo lake kwenye helmeti yake mwenyewe ili kuwapandisha watu mori. Ukocha ameanza 1995, mimi sijazaliwa, na hajatoka hapo.

"Timu hiyohiyo?"

"Hiyohiyo, baba. Miaka 30."

"Thelathini." Alilitamka taratibu. "Hapa kwetu kocha hamalizi hata kifurushi cha intaneti."

Kisha simu yangu ikazima. Baridi na betri.

Nilirudi Tanga mwezi Juni, nikaiwahi mechi iliyokuwa inadaiwa tangu Machi. Tarehe 25 tulikaa sebuleni, jirani wawili, mama na kisinia cha kashata. Yanga ilishinda 2–0 na sina haja ya kueleza hali ya nyumba. Mapema kabla ya hapo, mchezaji mmoja wa Simba alimwangusha mtu katikati ya uwanja, refa akapuliza, na baba akasimama na kikombe mkononi.

"Kizimbani!" akapiga kelele. "Dakika mbili!"

Majirani wakanitazama mimi.