Kwa nini maumbo sanifu ya nyuso nyingi ni matano tu?

Jioni hii mimi na mpwa wangu wa kidato cha pili tumekaa sakafuni na mkasi, gundi na maboksi matupu, tunatengeneza maumbo ya nyuso nyingi. Ni yale maumbo mango (yenye ujazo) ambayo kila uso ni bapa na kingo zake zimenyooka. Mchemraba umo, piramidi imo, miche ya pembetatu imo. Tufe na kopo la rangi havimo, vina mpindo.

Utamu uko kwenye yale sanifu yasiyobonyea: nyuso zote sawasawa, kila uso una pande sawa na pembe sawa, na kila kipeo (ncha) kinakutanisha nyuso idadi ileile. Yako matano tu, ya nyuso 4, 6, 8, 12 na 20. "Sasa mjomba, kwa nini yasiwe mia?" Nikamwambia akate pembesita sawa tatu, azikutanishe kwenye ncha moja. Kila pembe yake ni digrii 120, mara tatu ni 360, zikalala chali sakafuni, hazinyanyuki ng'o! Ukiongeza pande, ndiyo hazitoshei kabisa. Zinabaki njia tano tu za kukaa chini ya 360: pembetatu 3, 4 au 5 kwenye ncha, miraba 3, au pembetano 3. Akazigeuzageuza weee, kisha akacheka.

Tukahamia kwenye mpira wa miguu wa zamani wa vipande, tukichukulia kila kipande ni bapa: vyeusi 12 vya pande tano, vyeupe 20 vya pande sita. Kanuni ya Euler, Mswisi wa karne ya 18, inasema kwa umbo la nyuso nyingi lisilobonyea, vipeo toa kingo jumlisha nyuso ni 2. Hapa ni 60 − 90 + 32. Kingo 90 msizihesabu kwa kidole, mtakesha. Jumlisha pande zote upate 180, ugawe kwa mbili, maana kila ukingo ni wa vipande viwili.