Mama wa Mbarara na mguu wangu

Mwaka 2019 nilitoka Goma, nikapitia Bunagana, nikaungana na mahujaji wa Kabale waliokuwa wanakwenda Namugongo, karibu na Kampala, kwa miguu, kwa sikukuu ya tarehe 3 mwezi wa sita ya Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Ni kama kilomita 400. Wakati ule Ebola ilikuwa inaua watu Beni na Butembo. Mpakani tulinawa mikono kwa maji ya klori, tukapimwa joto, tukapita. Lakini njiani, mtu akisikia tu kwamba natoka Congo, mkono unarudi mfukoni. Hata sisi Goma tulikuwa tumeacha kupeana mikono, kwa hiyo nilielewa. Bado iliniuma sana. Watu wanaimba mbele na nyuma yako, na wewe umeachiwa nafasi peke yako katikati ya barabara.

Nikawa natembea mkiani na wazee. Kulikuwa na mzee mmoja aliyetumikia jeshi, tulimwita Afande. Kiswahili chake ni cha kambini. Tulipofika Mbarara akajiunga mama mmoja mwenye rozari kubwa ya mbao. Yeye alijua Kinyankole tu, basi Afande akawa mdomo wetu sote wawili.

Karibu na Lyantonde kisigino kilivimba lengelenge, nikashindwa kukanyaga. Mama akaniketisha kando ya lami, akauvuta mguu wangu akauweka mapajani, juu ya kikwembe chake safi. Akatoa sindano, akaipitisha kwenye moto wa kiberiti, akatoboa lengelenge huku na huku na kuuacha uzi humo ndani, ncha mbili zikining'inia ili maji yatoke polepole. Mikono mitupu. Nikamwomba Afande amwambie kwamba mimi ni wa Goma.

Afande akacheka. "Anajua tangu jana. Anasema utulie, uzi utakatika."

Jioni hiyo nilifungua sambaza kavu, vile visamaki vya Ziwa Kivu, nilizobeba kutoka nyumbani, tukala na ndizi za kuchoma.

Kinamasi cha Lwera ndiko kugumu kuliko kote: mafunjo pande zote, malori yanapita yakikusukuma kwa upepo. Afande alitembea upande wa magari, sisi wanawake upande wa majani. Alitusimulia jinsi Karoli Lwanga, kiongozi wa mashahidi, alivyombatiza Kizito, mdogo wao, usiku kule Munyonyo mwaka 1886, mtoto wa miaka kama 14, kabla ya kupelekwa Namugongo. Hadithi hiyo niliijua tangu katekisimu. Lakini nilikuwa nawaona mashahidi kama picha za ukutani, kila mmoja na yake. Pale Lwera ndipo nilipoelewa kwamba na wao walitembea pamoja, na kwamba huenda yule mdogo alihitaji mtu wa kutembea upande wa hatari.

Namugongo umati ulitutenganisha mlangoni. Nililia kweli, maana hatukuwa tumeagana. Jioni simu ikaita: ni Afande. Wako karibu na ziwa, wameniwekea nafasi kwenye mkeka, na Mama anauliza kama sambaza zimebaki.