Siku moja maishani mwangu: saisi, poni wanene na kikapu cha mdomoni

Saa 12:00 asubuhi. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, na kabla ya kuwatazama farasi natazama majani. Hapa Shropshire, karibu na mpaka wa Wales, hata Mei usiku unaweza kuleta jalidi, na leo malisho yote yameamka meupe. Hilo linabadilisha ratiba yangu. Mchana wa jua majani hutengeneza sukari, na usiku huitumia kukua. Baridi ikizidi hayakui, kwa hiyo sukari ya jana inabaki humo hadi asubuhi. Siku za kawaida alfajiri ndiyo saa nzuri ya kumtoa poni (farasi wa umbo dogo) aliye mnene. Asubuhi ya jalidi, hapana. Poni ninaowatunza, Bracken na Pip, watasubiri bandani.

Saa 1:00. Kuzoa mavi, kubadilisha maji. Naopoa nyasi kavu nilizoloweka usiku ili sukari ipungue. Maji yake yana rangi ya chai ya rangi, nayamwaga mbali. Nyasi nazipima zikiwa kavu, kabla ya kuziloweka. Bracken, poni wa Wales, ana kilo zipatazo 300, na chakula chake cha siku, malisho yakiwemo, tunakikadiria kwa asilimia 1.5 ya uzito wake: kilo nne na nusu kikiwa kikavu. Kumnyima kabisa ni hatari. Poni mnene akifunga, mafuta humwagika kwenye damu na anaweza kufa.

Kisha nashika miguu, mmoja mmoja. Natafuta mapigo ya damu juu ya kwato na kupima joto kwa kiganja. Poni hawa ni uzao wa milima yenye majani haba. Ukiwaachia malisho mazito ya bondeni, sukari inapandisha insulini, na tishu zinazoushika mfupa ndani ya kwato zinaanza kuachia. Ndiyo laminitisi. Niliwahi kumwona poni aliyezidiwa nayo, amesimama akiegemea nyuma, haombi ila asisogezwe. Ndiyo maana sichoki na kikapu, kile kinachofungwa mdomoni mwa poni ili ale majani kidogo kidogo kupitia tundu la chini.

Saa 3:30. Jalidi imeyeyuka. Naweka kipande cha karoti ndani ya kikapu, na Pip anaingiza pua mwenyewe. Tulimzoesha hivyo: kwanza kula ndani yake bila kufungwa, kisha dakika chache, kisha zaidi, huku nikimpenyezea majani tundu la chini ili ajue chakula kinapita wapi. Anayemfunga farasi kikapu siku ya kwanza na kuondoka anamfundisha kukichukia.

Sasa vipimo. Vidole viwili vipite chini ya mkanda wa pua. Kati ya midomo na sakafu ya kikapu ibaki nafasi ya sentimita mbili na nusu hivi, akitafuna asigonge. Matundu ya pua yawe wazi. Pale mkanda unapopita kwenye mfupa wa shavu nimeshona ngozi ya kondoo yenye manyoya. Na kamba za kichwani ni za aina inayokatika zikinasa kwenye uzio. Bila hilo sikubali kumtoa farasi.

Nawaachia malishoni na sitoki hapo mpaka nimeona kila mmoja amekunywa maji. Urefu wa majani nao una maneno: yakiwa mafupi mno hayafiki tunduni, yakiwa marefu yanalala chini ya kikapu na poni anahangaika bure.

Saa 5:00. Njia ya watembea kwa miguu inapita kando ya uzio. Mama mmoja ananiuliza kama Bracken anauma watu, maana amefungwa mdomo. Namweleza kwamba anakula, kidogo kidogo. Anasema, maskini. Nalisikia neno hilo mara nyingi, na silikubali. Njia nyingine ya kumpunguza ni kumfungia bandani peke yake, akisikia wenzake nje. Hapa anatembea, yuko na kundi lake.

Wapo pia wanaomvua farasi kikapu "kwa saa chache tu". Poni hujifunza haraka kwamba muda ni mfupi, naye hula mbiombio. Utafiti uliofanyiwa poni hapa Uingereza ulionyesha kwamba ndani ya saa tatu kikapu kilipunguza majani waliyokula kwa takribani asilimia 80.

Saa 7:00 mchana. Rafiki yangu wa Karen, Nairobi, anapiga simu. Tulikuwa masaisi pamoja, tukihangaika kuwafanya farasi wa mbio za Ngong wale.

"Kaka, mzungu anakulipa umzuie farasi kula?"

"Asile kupita kiasi, kaka. Na wale poni wenu wa kufundishia watoto, baada ya masika wanakuwaje?"

Anacheka, halafu anaanza kuuliza bei ya kikapu.

Saa 8:00. Navua kila kikapu, natoa tope na majani yaliyokwama, napitisha kidole kidevuni na mashavuni. Manyoya yakiwa yamevunjika ninaongeza ngozi hapo hapo, kabla ya kidonda.

Saa 11:00 jioni. Ndani. Poni halali na kikapu. Jumla ya saa kumi kwa siku ndio mwisho wangu. Navisugua, natazama meno ya mbele kama yanasagika, natundika wavu wa nyasi zilizolowekwa na kuwapa madini, kwa kuwa kuloweka huyaondoa.

Utepe wa kupimia unasema Bracken ana kilo 298. Mwanzoni mwa Aprili ulisema 312. Utepe hukosea kilo kadhaa, lakini ukipitishwa na mtu yule yule, mahali pale pale, unaonyesha mwelekeo. Mafuta ya shingoni bado magumu. Namwandikia mwenye poni: tuendelee na kikapu, na kesho wasitoke kabla ya saa nne, maana utabiri unataja jalidi tena.