Mpaka umelala, barabara ndo yauamsha

Nchi mbili, kila moja ina watu zaidi ya bilioni na bomu la nyuklia juu yake, halafu askari wao wakutana usiku kwenye bonde la baridi kali wapigane kwa mawe, marungu na vyuma vilotiwa misumari. Ndo ilivyokuwa Galwan, kule Ladakh, milimani mpakani mwa India na China, tarehe 15 Juni 2020. India ikapoteza askari 20. China ikanyamaza kimya mpaka Februari mwaka uliofuata ndo ikasema wake waliokufa ni 4, na wengi mpaka leo hawaiamini hiyo hesabu. Risasi hata moja haikupigwa usiku ule.

Sababu ya marungu ni mkataba. 1996 walikubaliana kwamba ndani ya kilomita 2 za ule mstari wanaolindia hakuna kufyatua bunduki wala kulipua kitu. Basi wakauheshimu mkataba, wakauana kwa mkono. Mi hapo hucheka na kusikitika pamoja.

Hii habari niliipeleka barazani baada ya isha, manake Mkomani, mtaa wetu hapa Lamu, huwezi kukaa na stori peke yako, na hoja yangu ilikuwa moja tu: mipaka ya hawa wakubwa hulala kwenye makaratasi miaka na miaka, wala hakuna anayeijali, mpaka siku mmoja wao ajenge barabara ama asikie kuna mafuta. Mzee mmoja, nahodha wa zamani, akanikata, "Yani ndia tu ndiyo ya kuleta kondo?" Ndiyo mzee, njia tu yaleta vita. Na ushahidi ninao.

Chukua Aksai Chin, pale India na China zapakana, jirani na Ladakh. Ni nyika ya juu mno, zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, ukubwa kama kilomita za mraba 38,000, na hakuna kitu. Nehru mwenyewe, waziri mkuu wa kwanza wa India, aliliambia bunge lao kwamba hata jani halioti huko, na inasimuliwa kuwa mbunge mmoja mwenye upara akasimama akashika kichwa chake akasema hapa pia hapaoti kitu, je pakatwe? Barazani kwetu wote wakaangua kicheko hapo, lakini mbunge alikuwa na pointi.

Hilo jangwa liligawanywa na Waingereza, si mara moja. 1865 mpimaji wao mmoja, Johnson, alichora mstari ukaliweka Aksai Chin ndani ya Kashmir, yani upande wa India. 1899 wakabadilisha mawazo wakaiandikia Beijing barua wakapendekeza mstari mwingine ambao ungeiachia China sehemu kubwa. China haikujibu ile barua. Yani hakuna ndiyo wala la. Waingereza wakaondoka India 1947 wakawaachia wenyewe ramani mbili tatu zinazogombana, kila mtu akachagua anayoipenda.

Na bado watu hawakupigana. Kilichowasha moto ni China kujenga barabara ya kutoka Xinjiang kwenda Tibet, ikapita katikati ya hapo hapo Aksai Chin, ikakamilika 1957. India ikaja kujua China ishatangaza kwamba kazi imekwisha. Ebu fikiria jirani akupitishie njia kwenye kiambo chako na wewe uambiwe siku ya kufungua. 1958 India ikatuma doria kwenda kuangalia, doria moja ikakamatwa, na toka hapo hakukuwa na usingizi tena.

Upande wa mashariki kuna kesi nyingine, ule mstari wa McMahon wa 1914. Ulichorwa wakati wa mkutano wa Simla, Muingereza na Mtibeti wakakubaliana, mjumbe wa China aliweka herufi za jina lake kwenye ule mkataba mkubwa lakini Beijing ikamruka. Kwa hivyo China husema Tibet haikuwa na uwezo wa kugawa ardhi, na hudai kama kilomita za mraba 90,000 ambazo saa hizi ndo jimbo la Arunachal Pradesh. Tena ulichorwa kwa kalamu nene kwenye ramani ndogo, ukifika mlimani hujui wapita wapi hasa.

1959 Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Tibet, akakimbia akaingia India, mwaka huo huo risasi zikalia mpakani, Longju na Kongka. Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, akaenda Delhi Aprili 1960, na ujumbe aliokuwa nao, bila kuutamka waziwazi, ni kwamba niachie magharibi nikuachie mashariki. Mi naona ile ilikuwa biashara nzuri, lakini Nehru alikuwa ashawaambia watu wake kwamba ardhi haitoki hata shibiri, sasa angerudi vipi? Badala yake India ikaanza kupeleka vikosi vidogo vidogo mbele, vingine vyapata chakula kwa ndege tu. Tarehe 20 Oktoba 1962 China ikashambulia pande zote mbili, dunia nzima ikiwa macho yako Cuba kwenye makombora ya Mrusi. Mwezi mmoja tu. Tarehe 21 Novemba China ikatangaza yenyewe kusimamisha vita, ikarudi nyuma mashariki kote ilikokuwa imeingia, Aksai Chin ikabaki nayo. Alichokishika na alichokiachilia, hapo ndo utajua alikuwa ataka nini. Alikuwa ataka barabara.

Zilizofuata ni zile zile. 2017 Doklam, kule karibu na Bhutan, China yajenga barabara, askari wa India wakaingia kuizuia, wakakodoleana macho siku 73. Na kabla ya Galwan, India ndo ilikuwa imemaliza barabara yake ya kwenda Daulat Beg Oldi, kambi yake ya mpakani, kama kilomita 255, inapita karibu kabisa na ule mstari. Oktoba 2024 walielewana tena kuhusu doria za Depsang na Demchok, huko huko Ladakh. Sawa. Tutaona.

Kijana mmoja pale akaniuliza kwani hakuna waliowahi kumaliza? Wapo. China na Urusi ya Sovieti waliuana Machi 1969 kwa ajili ya Zhenbao, kisiwa cha mtoni ambacho hakifiki hata kilomita mraba moja, na watu waliogopa itakuwa vita ya nyuklia. Lakini wakazungumza, 1991 kile kisiwa kikaenda China, 2004 wakasaini vilivyobaki, 2008 wakakabidhiana. Miaka karibu 40. Kwangu mi waliweza kwa sababu pale hakukuwa na barabara ya mtu, na wote wawili walikuwa wataka kuuziana vitu.

Sasa msidhani haya ni ya huko mbali. Lamu hii hii iligombaniwa na Muingereza na Mjerumani. Wajerumani walikuwa Witu, huku bara karibu na Lamu, kwa sultani wa pale, wakafungua na posta yao hapa mjini 1888, nyumba yenyewe iko mtaani hadi leo ni makumbusho. Ugomvi ulikuwa nani akodishiwe forodha ya Lamu na Sultani wa Zanzibar, wakashindwana mpaka wakaenda kwa msuluhishi Mbelgiji, Baron Lambermont, akaamua 1889 kwamba Mjerumani hana haki anayoidai. Mwaka uliofuata Mjerumani akaiachia Witu katika mkataba ule ule aliopewa Heligoland, kisiwa cha huko kwao bahari ya kaskazini. Watu wa Witu hawakuulizwa. 1891 posta ikafungwa.

Halafu hii yetu na Somalia. 1924 Uingereza ilisaini kuiachia Italia Jubaland, kusini mwa Somalia ya leo, 1927 wakaandika mpaka ufike baharini mahali paitwapo Dar es Salaam, si ile ya Bongo, hii iko huku kaskazini mwa Kiunga, na ukaishia kwenye maji ya karibu tu. Huko nje baharini hakuna aliyejali. Kenya ikatangaza mstari wake 1979 kwenda moja kwa moja mashariki, miaka ikapita kimya. Ni mpaka makampuni yalipoanza kugaiwa vitalu vya mafuta ndo pembetatu ya zaidi ya kilomita za mraba 100,000 ikawa na mwenyewe, tena wawili. Somalia ikaenda mahakama ya kimataifa ya The Hague 2014, Kenya ikagoma kuhudhuria kusikilizwa kwa kesi 2021, na tarehe 12 Oktoba mwaka huo hukumu ikatoka, mstari ukasogezwa kidogo kuipendelea Kenya lakini sehemu kubwa ikaenda Somalia. Kenya ikasema haiitambui.

Mbajuni wa Kiunga mwenye ndugu Kismayu hiyo pembetatu haimfikii, manake mashua yake haiendi huko, yeye avua kwa alama za nchi kavu na shida yake ni doria na meli kubwa za kigeni. Wanaogombana ni wa Nairobi na Mogadishu. Ila mi kuna kitu nakiangalia: Oktoba 2024 meli ya Uturuki ya kutafuta mafuta, Oruç Reis, ilifika Somalia kupima bahari yao. Siku moja meli kama hiyo ikishuka huku kusini kwenye ile pembetatu, hapo ndo tutajua kama Kenya kweli ilikataa ile hukumu ama ilisema tu.