Nilivyozielewa hesabu za moli: kutoka kilichopatikana kurudi kwenye kilichochomwa

Mi hesabu za moli (moli ni kipimo cha kuhesabia chembe za kitu, na gramu za moli moja unazipata kwa kujumlisha uzito wa atomu zake) zilinikaa kichwani fomu tatu kupitia swali moja la potasiamu kloreti (KClO3). Ukiipasha moto inavunjika, inabaki potasiamu kloraidi na oksijeni inatoka, sasa unaambiwa oksijeni iliyokusanywa ni gramu 9.6, je kloreti ilikua gramu ngapi mwanzoni?

Nilichofanya ni kuziweka gramu pembeni kwanza. Ikwesheni ni 2KClO3 → 2KCl + 3O2 na zile namba za mbele ni za moli, sio za gramu, siri yote iko hapo jamani. Kwahiyo nikachukua 9.6 nikagawa kwa 32, maana atomu za oksijeni zinatembea mbili mbili na kila moja uzito wake ni 16, yaani 16 mara 2, nikapata moli 0.3. Moli 3 za oksijeni zinatokana na moli 2 za kloreti, basi 0.3 imetokana na 0.2. Ndo nikarudi kwenye gramu: potasiamu 39, klorini 35.5, oksijeni tatu 48, jumla 122.5, mara 0.2 inakuja gramu 24.5.

Alafu nikahakiki, na hii ndo naipenda kuliko zote. Kloraidi iliyobaki ni 0.2 mara 74.5, yaani 14.9, jumlisha na 9.6 ya oksijeni unapata 24.5 ileile! Ile manganizi dioksaidi wanayochanganyia usiiguse kwenye hesabu, ni kichocheo tu, yaani inaharakisha kuvunjika, mwisho unaikuta kama ulivyoiweka.

Baadae nikajaribu kwenye chokaa, maana huku pwani mawe ya matumbawe yamechomwa miaka na miaka kujengea nyumba. Kabonati ya kalsiamu iliyo kwenye jiwe inavunjika hivi: CaCO3 → CaO + CO2, moli moja ya kila kitu. Ukitaka kilo 28 za chokaa isiyozimwa (hiyo CaO), gawa gramu 28,000 kwa 56 za moli moja, hizo ni moli 500, zidisha kwa 100 ambazo ni gramu za moli moja ya CaCO3 unapata kilo 50 za kabonati, yaani kilo 22 zimepaa hewani kama gesi, karibu nusu ya jiwe! Na kama jiwe lina kabonati asilimia 80 tu, unagawa 50 kwa 0.8 unapata kilo 62.5. Wengi hapo wanazidisha wanaandika 40, wakati jiwe lenye uchafu lazima liwe zito kuliko zile 50 za jiwe safi.